Waliotiwa Nanga: Historia ya Center for Women's Justice ya Yerusalemu

Hati yenyewe ina mistari 12. Huandikwa kwa mkono na mwandishi aliyefunzwa kazi hiyo, kwa kalamu ya unyoya na wino, na haitaji kosa la mtu yeyote. Mna majina ya mume na mke pamoja na lakabu zao zote, jina la mji na la mto au chemchemi iliyo karibu, na tarehe. Mashahidi wawili hutia saini. Kisha mbele ya marabi watatu mke hukutanisha viganja kama mtu anayekinga maji, mume akaiachia hati idondoke humo, naye mke akaitia kwapani na kutembea hatua chache kuonyesha kwamba sasa ni mali yake. Marabi huichukua, wakaichana na kuihifadhi, na mke hupewa cheti cha mahakama. Hati hiyo kwa Kiebrania huitwa get. Wakikubaliana, kazi yote humalizika asubuhi moja.

Wapo wanawake walioisubiri asubuhi hiyo kwa miaka 10, wengine 15, wengine zaidi.

Sababu ni sharti moja: mume lazima aitoe kwa ridhaa yake. Hapa msomaji wa Mombasa au Unguja ashike tofauti mapema, asije akaifananisha kesi hii na zile anazozijua kwa kadhi. Mume akigoma kutoa talaka, kadhi anayo njia ya kuifasikhi ndoa mwenyewe, na mke anaweza kuomba khului. Rabi haachanishi watu. Anaweza kumnasihi mume, kumwamuru, hata kumtia jela, lakini talaka haiwi talaka mpaka mkono wa mume uiachie. Kufutwa kwa ndoa kwa uamuzi wa marabi kumo katika vitabu vya kale, ila mahakama za dola ya Israeli hukuogopa mno. Na get iliyotolewa kwa shinikizo lisilo halali huhesabiwa batili, na mwanamke aliyeipokea bado ni mke wa mtu.

Mwanamke aliyekwama hivyo bila get huitwa agunah, neno lenye mzizi mmoja na neno la Kiebrania la nanga. Zamani alikuwa ni yule ambaye mumewe amepotea baharini au vitani na hakuna aliyeiona maiti. Watu wa pwani wanamjua mwanamke huyo. Kila bandari imewahi kuwa naye. Leo mume wake hajapotea. Yuko mtaa wa pili, anwani yake inajulikana, simu yake inaita, naye anasema tu kwamba hatoi. Au anasema atatoa akiachiwa nyumba, akisamehewa matunzo ya watoto, akilipwa fedha taslimu.

Uzito wa sharti hili hauwaangukii mume na mke sawasawa. Tangu amri za Rabi Gershom wa Mainz, yapata mwaka 1000, mke naye hapaswi kuachwa bila ridhaa yake, kwa hiyo wapo pia waume wanaokwama. Lakini mume ana mlango wa nyuma: kwa idhini ya marabi 100 anaweza kuruhusiwa kuoa mwingine, na watoto atakaozaa na mwanamke asiyeolewa hawana doa. Mke akizaa na mwanamume mwingine kabla ya get, mtoto huyo ni mamzer. Biblia zetu za Kiswahili zimezoea kulitafsiri neno hilo kwa "mwana wa haramu", nayo tafsiri hiyo inapotosha kidogo, maana mtoto wa msichana ambaye hajaolewa si mamzer. Mamzer ni, hasa, mtoto wa mke wa mtu, na yeye na kizazi chake hawaruhusiwi kuoana na Wayahudi wengine. Mwanamke anayenyimwa get anabaki kuchagua kati ya kutozaa tena na kuzaa mtoto atakayebeba adhabu isiyo yake.

Yote hayo yangeweza kubaki mambo ya sinagogi, kama yalivyo kwa Wayahudi wa New York au London, ambao talaka ya serikali wanaipata kwa hakimu wa serikali. Nchini Israeli dola imewaazima marabi mjeledi wake. Waturuki wa dola ya Uthmania waliachia kila jumuiya ya dini mahakama zake za ndoa. Waingereza walipoitawala Palestina waliukuta utaratibu huo, wakautia katika amri yao ya kikatiba ya mwaka 1922. Juni 1947, David Ben-Gurion na wenzake waliwaandikia viongozi wa chama cha kidini cha Agudat Israel kuwahakikishia kwamba katika dola itakayozaliwa mambo ya ndoa yatatunzwa kwa namna ya kuwaridhisha washika dini. Bunge, Knesset, lilitunga Sheria ya Haki Sawa za Wanawake mwaka 1951, lakini kifungu cha 5 kikaziweka kando sheria za kuoa na kuachana. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya mwaka 1953 iliyofunga kazi: ndoa na talaka za Wayahudi nchini, raia au mkazi, mcha Mungu au asiyeamini lolote, ni mamlaka ya mahakama za marabi peke yake. Waislamu, Wadruzi na Wakristo nao wana mahakama zao. Ndoa ya kiserikali haipo. Wanaoitaka huvuka bahari kwenda Cyprus, na hata hao, wakiwa wote wawili Wayahudi, kuachana kwao huwarudisha kwa marabi. Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 2006.

Kenya inaujua mkataba wa aina hii kati ya dola na dini. Ibara ya 24(4) ya Katiba ya 2010 inaruhusu haki za usawa zipunguzwe, kwa kiwango kisichoepukika tu, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi. Lakini ibara ya 170 inataka wahusika wote wawe Waislamu na wote wakubali kupelekwa huko. Mwanamke wa Tel Aviv haulizwi kama amekubali.

Katika mazingira hayo ndipo palipozaliwa taasisi tunayoikumbuka hapa. Center for Women's Justice, ambayo kuanzia sasa nitaiita Kituo, ilianzishwa Yerusalemu mwaka 2004 na wakili Susan Weiss, aliyehamia Israeli kutoka Marekani mwaka 1980. Imevuka miaka 20. Ni ofisi ya mawakili, si kundi la wanaharakati, na historia yake inasomeka vizuri zaidi katika mafaili ya kesi kuliko katika hotuba.

Haikuwa ya kwanza. Mwaka 1992 vyama kadhaa viliungana katika shirika la kimataifa la kutetea haki za agunah, ICAR. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo cha Midreshet Lindenbaum kilianza kuwafunza wanawake fiqhi ya Kiyahudi na taratibu za mahakama ili wawe watetezi rasmi mbele ya marabi, kazi ambayo hadi hapo ilikuwa ya wanaume. Huitwa toanot. Kwa mara ya kwanza mwanamke aliyeingia kwenye chumba chenye majaji watatu wanaume, karani mwanamume na mume anayegoma, alikuwa na mwanamke mwenzake aliyeweza kuwajibu majaji kwa vitabu vyao wenyewe. Mwaka 1995 likaja shirika la Mavoi Satum, jina lenye maana ya njia isiyo na pa kutokea. Naye Weiss mwenyewe, mwaka 1997, alianzisha Yad L'Isha, yaani mkono kwa mwanamke, chini ya taasisi za elimu za Ohr Torah Stone, akaiongoza kwa miaka saba.

Mwaka ule wa 1995 ulileta pia sheria muhimu ya Bunge. Mahakama za marabi zilipewa uwezo wa kumbana mume aliyeamriwa kutoa get akakaidi: kumnyang'anya leseni ya udereva, kumzuia kusafiri nje, kuigusa akaunti yake ya benki na leseni ya taaluma yake, na mwishowe kumfunga. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Hayakuisha, kwa sababu ufunguo wa adhabu zote hizo ulikuwa mfukoni mwa mahakama ileile. Marabi hupima maneno yao kwa ngazi: inafaa atoe, ni wema atoe, ni wajibu wake kutoa, alazimishwe kutoa. Sheria ilikubali adhabu kwa ngazi zote, lakini jaji anayeogopa kuzaa talaka batili hupenda kubaki ngazi za chini, au kuahirisha, au kumshauri mke akubali sehemu ya anachodai mume. Karne ya 12 Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, aliandika kwamba mume anayestahili kulazimishwa huchapwa mpaka aseme anataka, na kauli hiyo huhesabiwa ridhaa. Marabi wa Yerusalemu leo ni waoga kuliko Maimonides.

Hapo ndipo Kituo kilipoleta hoja yake, na ningependa msomaji atulie hapa, kwa kuwa mengine yote yalifuata kutoka kwayo.

Watetezi wa kabla walikuwa wakiuliza: tufanye nini marabi wamhurumie mwanamke huyu? Weiss aliuliza swali la wakili wa kawaida wa madai: huyu mwanamume ametenda nini? Jibu lake halikuhitaji Talmudi, kitabu kikuu cha sheria ya marabi. Amemdhuru mtu. Amemfungia mwanamke mzima uhuru wake, akamnyima mwenzi, akamnyima watoto ambao angeweza kuwazaa, akamdhalilisha mwaka baada ya mwaka. Mtu akikugonga kwa gari kwa uzembe anakulipa. Kwa nini huyu asilipe? Na daawa ya fidia si ndoa wala talaka. Kwa hiyo mlango wake uko Mahakama ya Familia, ya serikali, mbele ya hakimu wa kawaida.

Leo hoja hiyo inaonekana nyepesi. Wakati ule ilikuwa kubadilisha jina la jambo lenyewe. Lililokuwa likiitwa msiba, bahati mbaya, mtihani wa kidini, sasa liliitwa kosa, na kosa lina mkosaji.

Mlango ulifunguka kidogo Januari 2001, jaji Ben-Zion Greenberger wa Mahakama ya Familia ya Yerusalemu alipokataa kuitupa daawa ya aina hiyo na kusema inaweza kusikilizwa. Desemba 2004, katika kesi aliyoiendesha Weiss, jaji Menachem HaCohen wa mahakama hiyohiyo alikwenda mpaka mwisho. Mume alikuwa amegoma kwa takriban miaka 12. Jaji alimwamuru alipe shekeli 425,000, zikiwemo 100,000 za kuongeza uzito wa fidia kwa jinsi alivyotenda. Mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akipanda ngazi za mahakama kama mwombaji, siku hiyo alitoka akiwa mdai aliyeshinda.

Upinzani ulikuja haraka. Majaji wa kirabi walisema get iliyonunuliwa kwa tishio la fidia ni ya kulazimishwa, hivyo batili, na baadhi walikataa kuisimamia talaka maadamu daawa iko hai. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na hata miongoni mwa watetezi wa wanawake walikuwepo walioiona njia hii kuwa ya hatari: mteja anaweza kushinda fedha akakosa talaka. Kilichotokea katika kesi nyingi ni mapatano. Mke huondoa daawa kwanza, mume hutoa get baadaye. Kabla ya hapo mezani palikuwa na upande mmoja wenye kitu cha kuuza na upande mmoja wenye kulipa. Sasa mgomaji naye ana cha kupoteza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo Kituo kimezifanya. Mwanamke aliyekuwa akisalimisha nyumba ya watoto wake alipata kitu cha kuweka mezani ambacho hakikuwa nyumba ya watoto wake.

Kesi iliyokifanya Kituo kijulikane na nchi nzima, hata hivyo, haikuwa ya mgomaji. Mwaka 2007 mwanamke mmoja alikwenda mahakama ya marabi ya Ashdod kukamilisha talaka ambayo yeye na mumewe walikuwa wameshakubaliana. Aliwahi kuongokea dini ya Kiyahudi yapata miaka 15 nyuma, mbele ya mahakama halali, na alikuwa na watoto. Jaji alimhoji jinsi anavyoishika Sabato. Hakuridhika na majibu. Akaamua kwamba kuongoka kwake hakukuwa kweli, kwa hiyo hakuwahi kuwa Myahudi, ndoa yake haikuwahi kuwa ndoa, na watoto wake si Wayahudi. Alikwenda kuchukua cheti cha talaka akarudi nyumbani hana ndoa, hana dini wala jamaa, na wanawe wakiwa hawaruhusiwi kuoa katika nchi waliyozaliwa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marabi, kwa kalamu ya Rabi Avraham Sherman, iliiunga mkono hukumu hiyo na kuzidi: ikatilia shaka maelfu ya watu walioongokea chini ya Rabi Haim Druckman, aliyekuwa akiongoza mamlaka ya uongokaji ya serikali yenyewe.

Kituo kilipeleka ombi Mahakama ya Juu. Lilichukua miaka minne. Mwaka 2012 majaji waliikosoa vikali mahakama ya marabi kwa namna ilivyomtendea mwanamke huyo na kwa kutwaa mamlaka isiyokuwa nayo. Maelfu ya familia ambazo hazikuwahi kukanyaga ofisi ya Kituo zililala salama kwa sababu ya faili moja. Hata waliokuwa wakimwona Weiss kama adui wa dini walilazimika kukiri kwamba alikuwa amewatetea waongofu wa marabi wao.

Muda mfupi baadaye Weiss na mwanahabari Netty Gross-Horowitz walitoa kitabu kuhusu ndoa na talaka katika dola ya Kiyahudi, kilichochapishwa na Brandeis University Press na kujengwa juu ya kesi za wanawake halisi. Sinema nazo zilisaidia kuwafungulia watu milango ya vyumba ambavyo kwa kawaida hawaruhusiwi kuingia: ya hali halisi ya Anat Zuria mwaka 2004, na ile ya kubuni ya Ronit na Shlomi Elkabetz mwaka 2014, inayokaa karibu muda wote ndani ya chumba cha mahakama.

Mabadiliko mengine yaliyofuata hayakuwa ya Kituo peke yake, na si haki kuyabandika jina lake. Mwaka 2013 Bunge liliamuru kamati ya kuteua majaji wa kirabi iwe na wajumbe 11, wanawake wakiwa si chini ya 4. Novemba 2016 mkuu wa waendesha mashtaka, Shai Nitzan, alitoa mwongozo wa kuwashtaki kwa jinai wanaokaidi amri ya kutoa get. Lile lililoanza kama kosa la madai likawa pia la jinai. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanamke anaweza kuwa mkurugenzi mkuu wa utawala wa mahakama za marabi. Mwaka 2018 sheria ikawafikia hata wagomaji wa Kiyahudi wa nchi za nje wanaopatikana ndani ya Israeli.

Miaka hiyohiyo mwanamke mmoja alifunga kula mbele ya Knesset. Alikuwa ameisubiri get kwa zaidi ya miaka 20, na mumewe alikuwa amekaa jela miaka mingi kwa kukataa kuitoa. Jela yenyewe ilikuwa imeshindwa. Iliyomfungua ni mahakama binafsi iliyokalishwa na Rabi Daniel Sperber, profesa wa Talmudi wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, ambayo iliifuta ndoa. Mahakama za dola hazifungwi na hukumu kama hiyo. Lakini lilikuwa jibu la kitu ambacho wengi walikuwa wakiambiwa hakiwezekani: ndani ya sheria ya Kiyahudi dawa zipo, kinachokosekana ni rabi wa kuzitumia.

Siku hizi nguvu nyingi huelekezwa kabla ya harusi. Wachumba hutia saini mkataba kwamba ndoa ikivunjika na mmoja akagoma, atamlipa mwenzake matunzo makubwa kila mwezi mpaka get ipatikane. Kituo kina mkataba wake, na vipo vingine vilivyoandikwa na marabi wenyewe. Shida ni ile ya kila mahali: mchumba aliyejawa na mapenzi hapendi kuzungumzia talaka, na mama mkwe huiona karatasi hiyo kuwa uchuro. Ikiwa kuna neno ambalo wanawake waliopita njia hii huwaambia binti zao, ni watie saini.

Sheria ya mwaka 1953 haijafutwa. Israeli ina mahakama 12 za marabi za mikoa na moja kuu ya rufaa Yerusalemu, na mpaka leo hakuna mwanamke hata mmoja aliyeketi humo kama jaji.